Kutoa kopi kwa ajili ya darasa: yanayosemwa stesheneri na yaliyomo kwenye sheria

Mitihani ikikaribia, stesheneri za Malimbe hazipumui. Viongozi wa madarasa wanapanga foleni na vikaratasi vilivyoandikwa "kopi 60, baindi", na kila anayesubiri ana sheria yake kichwani. Nimefundisha hapa Mwanza muda wa kutosha kuzisikia zote, na nyingine nimezisikia kwa wahadhiri wenzangu. Zinaumiza pande mbili. Kuna anayenakili kitabu kizima bila wasiwasi, na kuna anayeogopa kuwapa wanafunzi hata kurasa nne.

"Ni kwa ajili ya masomo, kwa hiyo ruksa"

Kauli hii ina ukweli nusu, ndiyo maana haifi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Sura ya 218, katika kifungu cha 12 inataja matumizi yasiyohitaji ruhusa ya mwandishi wala malipo. Kutumia kazi ya mtu kama kielelezo cha kufundishia ni mojawapo. Masharti yapo: iwe kwa kadiri lengo la somo linavyodai, iwe kwa namna ya haki, na chanzo pamoja na jina la mwandishi vitajwe.

Neno "kielelezo" ndilo linalorukwa. Ukifundisha uchumi wa uvuvi, ukachukua jedwali moja na kurasa tatu zinazoeleza jinsi biashara ya sangara ilivyobadilisha maisha ya mialoni, hicho ni kielelezo. Ukichukua sura zote kumi na mbili, ukazibaindi na kuziwekea jalada la plastiki, umetengeneza kitabu kingine kinachokaa mahali pa kile cha dukani. Mwanafunzi aliyekipata hatanunua cha mwandishi. Hapo haki ya kufundisha imeshavukwa, hata kama hukupata shilingi.

Najua jibu litakalofuata: kitabu chenyewe ni ghali, na bumu (mkopo wa wanafunzi) likitoka linaishia kwenye chumba na chakula. Nalikubali kwa moyo wote, kwa sababu nawaona wanafunzi wangu. Ila dawa yake ni maktaba. Sheria inazitambua maktaba na taasisi za elimu kuwa zinaweza kunakili, mradi nakala zisizidi mahitaji ya shughuli zao, zisivuruge mauzo ya kawaida ya kitabu, wala zisimuumize mwandishi pasipo sababu ya msingi. Nakala mbili za kitabu cha kozi zikiwekwa kaunta, zisomewe humo humo kwa saa, zinalihudumia darasa zima. Mhadhiri anayetaka hivyo aiandikie maktaba kabla muhula haujaanza, asisubiri wiki ya testi.

"Asilimia kumi haina shida"

Hii nimeisikia kwa wasomi kuliko kwa wenye mashine, na inasemwa kwa uhakika wa ajabu. Kifungu cha 12 hakina asilimia yoyote. Namba hiyo imesafiri kutoka nje. Mwaka 1976 nchini Marekani, vyama vya waandishi, wachapishaji na walimu vilikubaliana mwongozo wa kunakili kwa ajili ya darasa, na kwa dondoo za maandishi ya nathari ukataja maneno 1,000 au asilimia 10 ya kazi, kutegemea ipi ni ndogo. Hata kwao, ule ni mwongozo wa kiwango cha chini cha usalama, wala si kifungu cha sheria. Katika kesi ya Chuo Kikuu cha Georgia State, kilichoshtakiwa na wachapishaji kwa kuwapa wanafunzi dondoo za vitabu, mahakama ya rufaa ilisema mwaka 2014 kwamba jaji wa chini alikosea kutumia asilimia 10 au sura moja kama kipimo kimoja kwa vitabu vyote.

Na uamuzi huo una mantiki. Asilimia 10 ya kitabu cha kurasa 600 ni kurasa 60, pengine zaidi ya mahitaji ya kipindi. Asilimia 10 ya shairi la beti nane haifiki hata ubeti mmoja, na hakuna anayeweza kuchambua shairi kwa mtindo huo. Mimi hujiuliza: kipindi hiki kinahitaji kurasa zipi hasa? Nikishindwa kueleza kwa nini ukurasa fulani umo, nautoa.

"Kunakili ni wizi, basi"

Mhadhiri mmoja kijana aliniambia ameacha kabisa kugawa makala darasani. Nilisikitika, maana aliwanyima wanafunzi haki ambayo sheria imewapa.

Mwaka 2012 wachapishaji wakubwa, Oxford, Cambridge na Taylor & Francis, waliishtaki stesheneri iliyokuwa ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi pamoja na chuo chenyewe, kwa sababu ya makusanyo ya sura za vitabu yaliyonakiliwa kwa ajili ya kozi. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliitupa kesi. Desemba mwaka huo jopo la rufaa likashikilia kwamba kunakili kwa ajili ya mafunzo kunaruhusiwa kwa kadiri mafunzo yanavyohitaji, na mwaka 2017 wachapishaji wakaiondoa kesi yao. Kinyume chake, mwaka 1991 mahakama ya New York iliamua dhidi ya Kinko's, kampuni ya kutoa kopi iliyokuwa ikitengeneza na kuuza makusanyo kama hayo.

India ilitumia sheria ya India, Marekani ya Marekani. Hukumu hizo hazimfungi hakimu wa Mwanza, kama ambavyo sheria yetu haiifuati kopi inayotolewa ng'ambo ya ziwa, Kisumu au Entebbe. Zinatufundisha tu namna ya kuuliza: nani ananufaika, kiasi gani kimechukuliwa, soko la mwandishi linabaki na nini.

"Nimeandika jina la mwandishi"

Vizuri, lakini jina ni sharti moja kati ya kadhaa. Kitabu kizima chenye jina la mwandishi juu bado ni kitabu kizima.

"Nimekikuta kwenye grupu la WhatsApp, hakina hata alama"

Hakimiliki haingoji alama wala usajili. Inaanza kazi inapotungwa. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania iliingia mwaka 1994, unakataza kuifanya haki hiyo itegemee taratibu kama hizo. Angalia kama mwandishi mwenyewe ameweka leseni huria, yaani ruhusa kwa kila mtu kunakili kwa masharti aliyoyaandika, kama zile za Creative Commons. Akiwa ameweka, nakili kwa masharti yake ukiwa na amani.

"Mwandishi keshafariki"

Kwa sheria yetu ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya kifo. Vitabu ambavyo Shaaban Robert, aliyefariki 1962, alivichapisha akiwa hai vilimaliza muda huo mwishoni mwa 2012. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, alifariki 1981. Riwaya hiyo ilisubiri zaidi ya miaka 30 kuchapishwa. Kazi yake inalindwa hadi mwisho wa 2031, na mwanafunzi wa fasihi anayetaka kurasa zake za uganga na ndoa ya Wakerewe nampa kurasa hizo, zikiwa na jina lake juu. Riwaya nzima aisome maktaba.