Montepulciano ya kwenye chupa yako siyo Montepulciano ya huku, jamani

Juzi tena. Nimesimama na wageni wanne pale Piazza Grande, uwanja mkuu wa Montepulciano, mji wa Italia ninakoongoza wageni kuonja waini, saa nne asubuhi, nimeshawaonyesha kisima chenye simba juu, nataka tushuke chini kwenye mapipa ya waini, kaka mmoja (Mkenya, anaishi Uingereza, mtu poa sana sina ugomvi naye) akatoa simu akanionyesha picha ya chupa. "Boss, hii Montepulciano mimi hununua supamaketi na pauni sita. Kwani hapa mbona mnauza euro ishirini na tano? Ni juu ya watalii, ama?"

Hiyo ni mara ya tatu ndani ya wiki moja. Ya kwanza ilitoka kwa shangazi yangu Dodoma, kaletewa chupa na mtu aliyepita Dubai, akanitumia voice note ya dakika nne ananishukuru kwa kumjulisha waini ya mji wangu. Shikamoo shangazi, na nisamehe, ile siyo waini ya mji wangu. Naandika hapa ili siku nyingine nitume link tu nipumzishe koo.

Chupa ya yule kaka ilikuwa imeandikwa Montepulciano d'Abruzzo. Hapo montepulciano ni jina la ZABIBU. Abruzzo ndiyo mahali, mkoa wa upande wa pili wa milima ya Apennini, unaotazama bahari ya Adriatic. Waini ya huku ninakofanyia kazi inaitwa Vino Nobile di Montepulciano. Hapo Montepulciano ni jina la MJI, huu mji wa juu ya kilima, mita kama 600 kutoka usawa wa bahari, jimbo la Siena, Toscana. Na zabibu ya huku ni sangiovese, ambayo wenyeji wanaiita prugnolo gentile, lazima iwe asilimia 70 au zaidi, zinazobaki ni kina canaiolo, colorino, mammolo, na wengine wanatia merlot, zabibu ya Kifaransa, halafu wanagombana na majirani. Zabibu inayoitwa montepulciano ni mmea mwingine kabisa, rangi nzito, inachelewa kuiva. Ukija Montepulciano kutafuta mashamba ya montepulciano utatembea mpaka soli iishe.

Mtu wa Dodoma nikimweleza hivi ananielewa fasta, kwa sababu na sisi tunayo. Makutupora ni mahali, kaskazini ya mji, halafu kuna zabibu nyekundu inayoitwa makutupora. Mkulima wa Hombolo akipanda makutupora shambani kwake, hiyo waini imetoka Makutupora? Haijatoka. Imetoka Hombolo. Sasa mtu wa Makutupora naye akiamua kulima zabibu nyingine na kuandika kwenye chupa "waini bora ya Makutupora", umeshafika Italia. Ndiyo hivyo tu, hakuna uchawi.

Na naomba nisieleweke vibaya, maana kila nikisema hivi mtu anadhani naitukana Abruzzo. Siitukani. Kuna chupa za Abruzzo nikipewa silali mpaka niimalize, vile vilima vya Teramo, huko huko Abruzzo, vina DOCG yao (daraja la juu kabisa la waini kwa sheria ya Italia) tangu 2003. Pauni sita ni bei ya chupa ya pauni sita, siyo hukumu ya mkoa mzima. Na huku nako Nobile mbovu zipo, nyingine nimezionja nikatamani maji ya bomba.

Kwenye lebo angalia hivi, haraka haraka: ukiona d'Abruzzo, ni zabibu. Ukiona Vino Nobile, ni mji. Siku hizi lebo za Nobile zinaandikwa na neno Toscana kwa lazima, na sababu kubwa ni huu huu mkanganyiko ninaoupigia kelele, kwa hiyo ujue siko peke yangu. Shingoni mwa chupa kuna kakaratasi ka serikali kenye namba, kwa sababu Nobile ni DOCG tangu 1980, kati ya zile za kwanza kabisa. Inakaa miaka miwili kabla ya kuuzwa, riserva mitatu. Ukiona Rosso di Montepulciano hiyo ni mdogo wake, haikai muda mrefu, bei nafuu, na Jumanne jioni nyumbani kwangu ndiyo inayonyweka.

Sasa nije kwenye kinachoniuma kweli, maana hilo la jina angalau linaelezeka kwa dakika tano.

Mgeni anakunywa fundo la kwanza, anakunja uso, ananiambia, "Hii siyo tamu." Na mimi kila mara nakwama, kwa sababu Kiswahili chetu hapa kinanisaliti: tamu ni sukari na tamu ni kitu kinachopendeza, vyote neno moja! Ugali na dagaa ni tamu, keki ni tamu, hadithi ni tamu. Kwa hiyo sijui kama ananiambia haina sukari (kweli haina, na haitakiwi kuwa nayo) au ananiambia mbaya. Nikimuuliza, naye hajui. Ameshazoea kwamba waini nzuri ni ile inayoteleza kama juisi, hii inamkwaruza, basi imeharibika au nimempa ya bei rahisi.

Lakini subiri, maana hicho hicho Kiswahili kilichonisaliti ndicho kinachoniokoa. Waitaliano na Waingereza wanahangaika kueleza tanini, ile kitu ya kwenye maganda na mbegu za zabibu inayokwaruza ulimi, wanaongelea sijui chai iliyokolea, sijui ngozi ya viatu. Sisi tuna neno: UKAKASI. Umewahi kung'ata ndizi ambayo haijaiva? Bibo, lile tunda la korosho? Ule ulimi kukakamaa, mashavu yanavutana ndani kama yameshonwa, ndiyo ukakasi, na ndiyo tanini, hakuna tofauti. Na tuna neno la pili, UGWADU, ile ya embe bichi na ukwaju inayokutoa mate pembeni ya taya. Sangiovese ni hivyo viwili basi, ukakasi na ugwadu, na ukishajua kuvitenganisha umeshajua nusu ya kazi yangu, tena bure. Jaribu hivi: meza, halafu nyamaza uhesabu mpaka kumi. Mate yakikujaa ni ugwadu. Ulimi ukiwa mkavu kama umelamba gunia ni ukakasi. Mengine ya kuzungusha glasi na kutazama machozi ya waini yakitiririka kwenye kioo ni mbwembwe. Machozi hayo yanakwambia habari za kileo zaidi, ubora hayaujui.

Na ukakasi huo una kazi. Umekaa pale unasubiri mafuta na nyama. Mgeni anaonja Nobile tumbo tupu saa nne asubuhi amesimama, halafu anashangaa inamkwaruza. Itamkwaruza! Mpe kipande cha pecorino ya Pienza, kijiji cha jirani, jibini la kondoo lenye mafuta yake, halafu arudie fundo lile lile. Nimeona nyuso zikibadilika mbele yangu mara nyingi mno, mtu anaitazama glasi kama nimembadilishia kimiujiza. Sijabadilisha chochote. Tanini imepata cha kushika badala ya ulimi wako.

Kutema waini ukishaionja: tema. Ndoo iko pale kwa ajili hiyo, hakuna atakayekuona huna adabu. Najua kwetu kutema mbele za watu, tena mbele ya mwenye nyumba, ni matusi, mama mmoja alinikatalia kabisa, "mwanangu mimi sijalelewa hivyo", akameza zote saba. Barabara kuu ya mji huu imeinama kama ngazi, na yeye alikuja na viatu vya harusi. Tulimshusha wawili, mmoja kila mkono.

Haya na mimi niungame, maana nimewasema sana.

Miaka mitatu ya kwanza ya kazi hii nilikuwa nasema Nobile ina harufu ya maua ya violeti. Kitabu kilisema violeti, mwalimu alisema violeti, na mimi violeti. Sikuwahi kuinusa violeti maishani. Mtoto wa Dodoma nitaitoa wapi? Siku nilipokuja kuyaona yale maua, madogo, yamejificha kwenye majani, mwishoni mwa mwezi Machi, nikainama nikanusa nikagundua nimekuwa nadanganya watu wazima kwa miaka mitatu. Siku hizi nasema ninachokinusa: zambarau iliyoiva sana, choya kavu kabla hujaichemsha, na ikizeeka, tumbaku na kama udi uliozimika jana. Mzungu akiniuliza choya ni nini nafurahi, na yeye ahangaike kidogo.

Hata hiyo zambarau sina hakika sana nayo. Kuna jaribio walifanya Bordeaux, likatangazwa 2001, wanafunzi 54 wa fani hii hii wakapewa waini nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakaielezea kwa maneno ya waini nyekundu. Watu wanaosomea! Mimi ningepona? Sidhani. Na sasa huku wameleta daraja jipya, Pieve, mji umegawanywa kanda 12 kwa majina ya parokia za zamani, na mimi natakiwa nimweleze mgeni tofauti ya kanda na kanda. Naeleza, natumia mikono sana. Lakini nikifungwa macho, baadhi yake nabahatisha, na wenzangu wanaojidai hawabahatishi nawaombea heri.

Kitu nisichobahatisha ni chakula na watu. Usije huku ukaonja ukaondoka. Kula pici, tambi nene za kusokotwa kwa kiganja moja moja, na mchuzi wa aglione, kitunguu saumu kikubwa kama ngumi ya mtoto lakini kipole, hakikufukuzii watu. Mkate hauna chumvi, usimlalamikie mhudumu, hajasahau, ndivyo Toscana wanavyouoka, na ukiuchovya kwenye mchuzi utaelewa.

Ukiweza kuja Agosti, njoo. Jumapili ya mwisho ya mwezi kuna Bravio delle Botti, mitaa minane ya mji inashindana kusukuma mapipa, pipa moja kilo 80, watu wawili kila pipa, kupandisha hiyo hiyo barabara iliyomshinda mama wa viatu vya harusi mpaka Piazza Grande. Zamani walishindana kwa farasi, mapipa yameanza 1974. Ile wiki nzima kila mtaa unapika wenyewe, meza nje, bibi wa miaka themanini anakuuliza uko upande gani kabla hajakuuliza jina. Mimi ni wa Voltaia. Sikuchagua, mwenye nyumba wangu ni wa Voltaia, na kodi ilikuwa nafuu. Usiku wa mazoezi unalisikia pipa likinguruma kwenye mawe chini ya dirisha na vijana wanatukanana kwa upendo, na hapo ndipo unaelewa kwa nini ukiwaambia hawa watu waini yao ni "ile ya pauni sita" wanakaa kimya kwanza.

Turudi kwa yule kaka. Siku hizi natembea na chupa ya Abruzzo kwenye begi, wenye mapipa wananiangalia kama nimeingia msikitini na viatu, lakini wameshanizoea. Nikammiminia glasi mbili bila kumwambia ipi ni ipi, Nobile na Abruzzo, na pecorino pembeni. Akaonja, akahesabu kumi kama nilivyomfundisha, akaonja tena. Akachagua Abruzzo.

Wenzake wakacheka mpaka mwangwi ukarudi kutoka kwenye mapipa. Nikamwambia ukweli wangu, kwamba kwa mbuzi choma hata mimi ningechukua hiyo hiyo. Mkewe hakusema kitu, alimaliza glasi yake ya Nobile, akaichukua na ya mumewe, akaniuliza kama chupa mbili zinaingia kwenye begi la mkononi la ndege. Haziingii.