Tunaogopa oveni na mkasi, karanga tunawapa mkononi

Kila shule zikikaribia kufunga, mwezi wa sita na ule wa kumi na mbili, hapa mtaani kwetu Nkuhungu, Dodoma, naulizwa swali lile lile, hawa watoto wa chekechea tukae nao vipi nyumbani zaidi ya kuwawashia katuni. Jibu langu ni moja: okeni nao biskuti, finyangeni nao, kateni nao makaratasi. Basi hapo ndo zinaanza sababu, sina oveni, ataungua, atajikata, udongo una minyoo. Mi nina wawili, wa miaka mitatu na wa miaka mitano, na wa majirani wanajazana kibarazani kila Jumamosi kwahiyo maneno yote nimeshayasikia, na kinachoniuma ni kwamba vitu tunavyoviogopa vingi vinafanyika vizuri tu ukijipanga, ila vile vinavyoweza kumdhuru mtoto kweli tunampa wenyewe, tena kwa upendo.

"Bila oveni huoki kitu"

Si kweli jamani. Mkate wa kumimina umeokwa kwa moto wa juu na chini tangu zamani, na biskuti inakubali njia hiyo hiyo. Chukua sufuria nzito, tandaza mchanga mkavu chini kina cha kama vidole viwili, funika, iache jikoni ipate moto dakika kumi hivi. Ingiza kisahani cha bati chenye biskuti zako, rudishia mfuniko alafu panga makaa juu ya mfuniko. Makaa ya chini yawe machache, ya juu mengi, maana moto unapanda wenyewe, ukijaza chini biskuti zinaungua tumbo wakati juu bado nyeupe. Na usifunue funue.

Wala huhitaji ngano tupu. Mkate ndo unaitegemea ngano kwa ile nguvu yake ya kuvutika ili uumuke, biskuti haina shida hiyo, kwahiyo mtama au uwele unaingia nusu kwa nusu. Mi natumia kikombe kimoja cha ngano, kimoja cha mtama uliosagwa laini, nusu kikombe cha sukari, nusu kikombe cha siagi, yai moja, kijiko cha chai cha beking pauda na maziwa kidogo kidogo mpaka donge lishikane. Kuoka ni dakika kumi na tano mpaka ishirini, angalia rangi ya pembeni.

Sasa hatari ya hapa ni upepo. Mwezi wa saba na wa nane Dodoma upepo unavuma mpaka mkaa unaisha kabla hujamaliza, na mtu anaona bora aingize jiko ndani afunge mlango. Usifanye hivyo hata siku moja. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, mtu anahisi usingizi tu na kichwa kuuma na anaweza asiamke. Baki nje, zungushia bati au tofali upande upepo unakotokea.

"Mtoto mdogo asisogee jikoni, hasa wa kiume"

Hapa tunachanganya vitu viwili, kuandaa na kupika. Kuandaa ni kwa mtoto kabisa: kuchekecha unga, kumwaga kikombe ulichompimia, kukoroga, kukanda, kukata maumbo kwa mdomo wa glasi. Mkono unaokanda donge ndo huo huo utakaokuja kushika penseli, na donge halijui huyu ni Juma au ni Asha. Mwanangu wa kiume ndo fundi wa kuchekecha kwetu, na namsifia mbele za watu bila wasiwasi.

Kupika ni kwa mkubwa. Majiko yetu mengi yapo chini, yaani mtoto wa miaka mitatu uso wake uko karibu usawa na sufuria, kwahiyo nachora mstari sakafuni kwa chaki, hatua mbili kubwa kutoka jikoni, na sheria ni moja, mstari hauvukwi. Hata mpira ukiingia huko anaita mtu mzima.

Na akiungua pamoja na yote hayo? Mwaka jana mtoto wa mdogo wangu aligusa mfuniko wa moto, jirani akaja mbio na dawa ya meno, mwingine anasema paka yai. Hapana kwa vyote viwili! Dawa ya meno inafungia joto ndani na yai bichi linaleta vijidudu kwenye kidonda. Ni maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 nzima, sio barafu. Kwetu maji yanakatika bila taarifa kwahiyo siku ya kuoka naweka ndoo iliyojaa na kata yake pembeni kabla sijawasha moto, unamimina taratibu unakinga na beseni. Malengelenge usipasue, na kama ni usoni, sehemu za siri au pakubwa kuliko kiganja chake, baada ya maji nenda hospitali.

"Kashata ni rahisi, waanze na kashata"

Rahisi kwako wewe. Maji hapa Dodoma yanachemka hata hayajafika nyuzi joto 100 maana tupo juu kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ila sukari ya kashata ikishayeyuka na kuwa kahawia inapita 160, na mbaya zaidi inanata, ikidondokea ngozi haichuruziki kama maji. Kashata pika wewe watoto wakiwa mbali kabisa.

"Zabibu na karanga ni vitu vya asili, havina madhara"

Hapa ndo nataka tukae kidogo maana Dodoma ni nchi ya zabibu na ya karanga. Msimu ukifika zabibu zinauzwa kila kona, karanga za Kongwa zipo mwaka mzima, na kitu cha kwanza tunachofanya tukianza kuoka ni kumpa mtoto kibakuli cha karanga atafune wakati anasubiri, au tunamchomekea zabibu nzima juu ya keki zipendeze.

Zabibu nzima ina ukubwa wa kuziba kabisa koo la mtoto wa miaka mitatu, ni laini, inateleza, inajibana humo kama kizibo. Karanga nayo mtoto akicheka nayo mdomoni inaingia njia ya hewa. Ushauri wa madaktari ni kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, na zabibu zikatwe kwa urefu, sio kwa upana, vipande vinne. Kukata tu katikati kwa upana hakutoshi, bado ni duara la kuziba. Karanga zisage au zitwange ziingie kwenye donge, ladha ni ile ile. Anakula amekaa, hakimbii, hachekeshwi.

Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu mwache akohoe. Akishindwa kukohoa wala kulia, mwinamishe mbele umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano, isipotoka simama nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani na juu mara tano, unarudia huku mtu anatafuta usafiri. Hiyo ya tumbo ni kwa aliyezidi mwaka mmoja, mtoto mchanga anabonyezwa kifuani. Na usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, unakisukuma ndani.

Kuna na jambo la pili kwenye karanga, sumukuvu. Watu wanasema karanga iliyoota ukungu ukiikaanga vizuri au ikioka ndani ya biskuti sumu inakufa. Haifi. Ukungu wenyewe unakufa kwa moto lakini sumu iliyokwisha tengenezwa inavumilia joto la jikoni. Sisi watu wa mkoa huu hatupaswi kuambiwa mara mbili, mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Kwahiyo kazi ya kwanza kabla ya kuoka ni kuchambua, na watoto wanaipenda kweli, nzima huku, zilizosinyaa na zenye rangi ya ajabu kule. Unakaa nao muda wote ili isiende hata moja mdomoni, na zile mbovu unazitupa mbali, kuku wasipewe.

"Donge la unga wacha alambe, ni chakula tu"

Unga wa ngano ni mbichi, haujapikwa popote kati ya shamba na duka, unaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, ukiongeza yai bichi ndo kabisa. Mpe kipande cha ndizi alambe hicho.

Na lile donge la kuchezea, la vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi na kimoja cha maji, hilo ndo asilambe kabisa. Watu wanalisifia kuwa salama maana limetoka jikoni. Kulifinyanga ni salama, kulila hapana, chumvi yote ile ikiingia tumboni mwa mtoto mdogo ni hatari ya kumlaza hospitali. Kitu kizuri ni kwamba jua letu linalikausha vizuri kabisa, siku mbili tatu juu ya bati lipo gumu unalipaka rangi. Dada yangu yuko Tanga, kwake linavuta unyevunyevu linalainika tena.

"Hamira na beking pauda ni kitu kimoja"

Hapana, hamira ni hai. Tia kijiko cha hamira na kijiko cha sukari kwenye chupa yenye maji ya uvuguvugu, vika puto mdomoni, subiri nusu saa, puto linasimama lenyewe na watoto wanapiga kelele. Maji ya moto sana yanaiua hamira, puto halisimami. Puto likipasuka okota vipande vyote hapo hapo, kinaziba koo kama zabibu.

"Sukari ndo inawafanya watukutu"

Mwaka 1995 watafiti walikusanya majaribio mengi ya watoto waliopewa sukari na waliopewa kitu kitamu kisicho sukari bila wao wala wazazi kujua, na tabia haikutofautiana. Utukutu unatokana na shughuli yenyewe, wenzao wengi, kelele, furaha. Sukari tunaipunguza kwa ajili ya meno na uzito.

"Vifaa vya ufundi ni gharama, mpaka uende mjini"

Hii inanikera kidogo maana inawanyima watoto wengi raha. Boksi la dukani, mfuko wa karatasi wa saruji uliokung'utwa vizuri, mifuniko mikubwa, maganda ya mayai yaliyochemshwa, vinatosha mwezi. Gundi ni kijiko cha unga wa ngano kwenye maji, unakoroga jikoni mpaka kiwe kizito kama uji, kikipoa kinabandika karatasi vizuri. Ila gundi ya supa isiingie kabisa, inashika ngozi na kope.

Na rangi ndo utamu wenyewe. Choya, yale maua mekundu ya juisi, tunalo tele, loweka yaliyokauka kwenye maji ya moto, yakipoa gawa kwenye vikombe vitatu. Kimoja acha kilivyo, cha pili kamulia limao, kinakuwa chekundu zaidi, cha tatu tia wewe magadi kidogo, kinageuka kuelekea bluu na kijani. Ukiweka magadi kwenye bizari ya manjano unapata rangi ya kutu. Wa kwangu wa miaka mitano aliniambia "mama fanya tena" mpaka choya likaisha, alafu wakachora mbuyu kwa rangi hizo.

Shanga, vifungo na mbegu za ubuyu wapewe wakubwa. Huyu wa miaka mitatu anaingiza puani. Ikitokea usichokonoe, nenda kituo cha afya.

"Udongo ni minyoo"

Mayai ya minyoo yanatoka kwenye kinyesi, kwahiyo swali ni udongo umeutoa wapi. Usichote karibu na choo, wala mahali paka na mbuzi wanapolala. Chukua wa kichuguu, ni laini na unashikana, pepeta, loweka, finyangeni ng'ombe na vibuyu. Kucha fupi, mikono kwa sabuni baadaye, na ukimwona mtoto anakula udongo mara kwa mara usimpige, mpeleke apimwe damu.

"Anapoteza muda, bora afundishwe kusoma"

Serikali yenyewe Desemba 2021, hapa hapa Dodoma, ilizindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wa miaka 0 mpaka 8, na ujifunzaji wa awali umewekwa pamoja na lishe, afya, malezi yenye mwitikio, yaani kumsikiliza na kumjibu mtoto, na ulinzi. Mtoto anayehesabu vikombe viwili vya unga na anayekuambia hiki kimejaa hiki nusu, anajifunza hesabu. Tena usimrekebishe ng'ombe wake hata akiwa na miguu mitano, muulize tu ule wa tano ni wa nini.

"Akikatia kushoto mzoeshe kulia"

Mkono atakaoutumia unajionyesha wenyewe kati ya miaka miwili na minne na hauna ubaya wowote. Shida ipo kwenye mkasi, ule wa kawaida umetengenezewa mkono wa kulia, akishika kwa kushoto makali yanaachana badala ya kubana na haoni mstari anaoukata, kwahiyo karatasi inakunjika tu na watu wanasema mtoto mzito. Tafuta mkasi wa kushoto wenye ncha butu, na mpaka uupate mwache achane karatasi kwa vidole abandike, wa kwangu alianza hivyo hivyo.