Acheni kuniomba wavu wa mita 5

Wiki iliyopita, kwenye kikao hapa Dodoma, nimeambiwa tena: "Mkuu, shusha seli ziwe za mita 5, matokeo yatakuwa sahihi zaidi." Nimeshalisikia kwa wahandisi, kwa wanafunzi, hata kwa wanaolipia kazi. Safari hii naliandika, ili nikiambiwa tena niwaelekeze hapa. Wavu ninaousema ni wa modeli ya kompyuta: mlango wa mto, pale unapokutana na bahari, unakatwa vipande vidogo, yaani seli, na kompyuta inakokotoa mwendo wa maji seli kwa seli.

Kwa wanaoshangaa mtu wa Dodoma anahangaika na milango ya mito: mvua ya hapa ikiingia Kinyasungwe inakwenda Wami, na Wami unamwaga baharini Saadani. Bwawa la Mtera, mpakani kwetu na Iringa, liko kwenye Ruaha Mkuu unaolisha Rufiji. Maji yetu ndiyo yanayokutana na bamvua, yaani maji makubwa ya bahari ya mwezi mpya na mwezi mpevu, huko chini.

Sasa hesabu. Seli za pembetatu zenye upande wa mita 100 ukizishusha hadi mita 5, kila upande umegawanyika mara 20, basi seli zimekuwa mara 400. Halafu kuna sharti la Courant, Friedrichs na Lewy la mwaka 1928: wimbi lisiruke seli ndani ya hatua moja ya muda. Kwenye kina cha mita 10 wimbi linakimbia karibu mita 10 kwa sekunde, kwa hiyo hatua inashuka kutoka sekunde 10 hadi nusu sekunde. Jumla ni kazi mara 8,000. Modeli iliyokuwa ikimaliza kwa saa 1 itakuchukua miezi 11. Wenye mbinu za implisiti, zinazokokotoa seli zote kwa pamoja katika kila hatua, hawafungwi na sharti hilo, lakini wakirefusha hatua kupita kiasi wimbi lenyewe linafifia.

Na umepata nini? Vipimo vya kina vilichukuliwa kwa mashua, mkato mmoja, yaani mstari wa vipimo toka ukingo hadi ukingo, kila mita 400. Katikati, kompyuta inakisia. Seli 80 zilizopangwa kati ya mikato miwili hazijui sakafu ya mto kuliko seli 4. Zinarudia makisio yaleyale.

Kinachoniudhi hasa ni hiki. Ndani ya mikoko kuna vijito, tuseme vya upana wa mita 30. Kwenye wavu wa mita 100 nodi, yaani ncha za seli, zinaangukia popote: moja ukingoni, nyingine kwenye mikoko, hakuna hata moja iliyogusa sakafu. Kijito kinageuka mfululizo wa madimbwi. Maji yakijaa yanakwama, na usawa wa maji sehemu ya juu ya mto unatoka mdogo kuliko ulivyopimwa. Aliyetengeneza modeli hagusi wavu. Anaishika namba ya Manning, ile ya ukwaru wa sakafu, anaishusha kidogo kidogo mpaka mistari miwili ikutane kwenye grafu. Nimewahi kuletewa modeli yenye Manning 0.012 juu ya tope. Hiyo ni namba ya zege laini! Ripoti ilishapokelewa, kwa sababu mistari ilikutana.

Baadaye mtu anatengeneza wavu mzuri, kijito kinafunguka, maji yanapita kama yanavyopita kweli. Ila 0.012 bado imo, kwa hiyo chumvi inapanda mto kupita kiasi, na lawama zote zinaangukia wavu mpya. Wavu mpya hauna kosa. Manning ilikuwa inaficha ugonjwa wa ule wa zamani, na Manning iliyosawazishwa kwenye wavu mmoja huihamishi kwenda mwingine bila kuisawazisha upya.

Tena kijito kile hakikuhitaji mita 5 kila mahali. Chora mstari wa mkondo mkuu na mistari ya kingo, ulazimishe nodi zikae juu yake. Delaunay, mbinu ya kuunganisha nodi kuwa pembetatu, atakupa pembe nzuri kuliko mpangilio mwingine wowote wa nodi zilezile, lakini hajui mto uko wapi. Ndani ya mkondo tumia pembenne ndefu zilizolala kufuata maji, hata urefu mara 4 ya upana, maana kina hubadilika haraka toka ukingo hadi ukingo na polepole kuelekea baharini. Kwenye bahari ya wazi seli za mita 500 zinatosha. Ukubwa ubadilike taratibu. Na kagua kingo: pembetatu moja ya sentimita 40 inaburuza modeli nzima.

Vitabu vinasema gawa seli nusu, matokeo yasipobadilika umemaliza. Mlangoni mwa mto jambo si jepesi hivyo. Kila unapogawa, nodi zinanasa mashimo na mafungu ya mchanga ambayo hazikuyanasa mwanzo, kwa hiyo umebadilisha na mto wenyewe. Ukiing'ang'ania sakafu ya wavu wa kwanza, jaribio ni safi kihisabati, ila unathibitisha mto usiokuwepo. Mimi hufanya yote mawili na kuripoti tofauti. Kanuni ya seli 5 kwa upana wa mkondo naitumia kwa uzoefu tu. Sina uthibitisho kwamba 5 inaishinda 4. Mizizi ya mikoko naiwakilisha kwa Manning kubwa, ingawa maji ya magotini hayapiti humo kama maji ya kifuani, na namba moja haibebi hali zote mbili.

Kwa hiyo fedha za kompyuta ya kuendeshea seli za mita 5 zipelekeni kwenye mashua. Nataka mikato kila mita 100, ipimwe wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa kiasi cha mashua kuingia vijitoni, pamoja na kasi na chumvi mlangoni kwa siku mbili. Nikivipata, nauchora wavu upya ndani ya wiki.