Sijaimaliza, na Bado Nina la Kusema

Nimeulizwa tena: "Unasemaje hadithi haifai na hukuimaliza?" Swali hili limenichosha kuliko hadithi zenyewe.

Tupige hesabu. Tuseme mkusanyiko mnene wa hadithi za sayansi ya kubuni na fantasia una hadithi 100 za waandishi wapya. Kwenye tuzo za Hugo, zinazotolewa kwa hadithi za aina hii, hadithi fupi haifiki maneno 7,500. Tuchukue 6,000 kila moja: ni maneno 600,000. Ukisoma maneno 250 kwa dakika, hizo ni saa 40 bila hata kupiga chafya. Sidaiwi na mtu saa hizo.

Na "mpya" si "mchanga". Tuzo ya Astounding, ambayo hadi 2019 iliitwa kwa jina la mhariri John W. Campbell, ni ya mwandishi aliye ndani ya miaka miwili tangu achapishwe kitaaluma kwa mara ya kwanza. Mshindi wa kwanza, Jerry Pournelle, mwaka 1973, alikuwa na umri wa miaka 40. Kwa hiyo msiniambie niwahurumie.

Sasa mfano, nimeutunga mwenyewe: "Jemadari Zorun aliamka. Kama ijulikanavyo, sayari ya Threm ilitawaliwa na Baraza la Saba tangu Vita vya Miezi..." Kama yajulikana, waniambia ya nini? Linganisha na hii: "Mama alipofika darajani alichomoa kivuli chake mfukoni, akalipa." Basi. Nimeshajua vivuli ni pesa, daraja lina mwenyewe, na hakuna anayeshangaa. Tena nataka kujua atarudije kwake bila kivuli.

Hapo ndipo huwa naambiwa, "Lakini hii ni sayansi ya kubuni, lazima ueleze ulimwengu kwanza." Hilo "kwanza" ndilo linalonipandisha presha! Maelezo hayana kosa. Kosa ni kuyamwaga kabla msomaji hajayaonea kiu. Mwandishi Andy Weir alipata tuzo hiyohiyo ya Astounding mwaka 2016, ikiwa bado na jina la Campbell, na riwaya iliyompa jina, The Martian, ya mtu aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mars, imejaa hesabu za maji na viazi. Watu walizimeza zote, kwa sababu hesabu ikikosewa mtu anakufa.

Kwa hiyo kurasa tatu hunitosha kuamua. Mara nyingi.

Nasema mara nyingi kwa sababu hadithi ya themanini, saa sita usiku, haisomwi na mtu yuleyule aliyesoma ya pili. Nimejaribu kuanzia mwisho wa kitabu, nimejaribu kuchanganya mpangilio, uchovu haudanganyiki. Kuna moja niliiacha ukurasa wa tatu, rafiki akanilazimisha niirudie. Ukurasa wa nne msimulizi anagundua kwamba yale maelezo yote marefu, yaliyoniboa, alikuwa akijisimulia mwenyewe asije akasahau. Nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo. Kisha nikaifungua orodha ya nilizoziacha. Zilikuwa 37. Nimerudia sita.