Barakoa ya zoloto: aina zake zinatofautiana wapi?

Mgonjwa akishalala kwa nusukaputi, misuli ya koo hulegea, ulimi ukaanguka nyuma na kuziba njia ya hewa. Barakoa ya uso husaidia, ila inataka mkono ushikilie taya muda wote. Barakoa ya zoloto, yaani ya kisanduku cha sauti kooni, huuachia mkono huo. Ni mrija wenye kikombe laini mwishoni. Hupitishwa mdomoni ukifuata kaakaa hadi kikombe kiketi juu ya mlango wa zoloto, ncha yake ikiegemea mdomo wa umio. Haiingii ndani ya bomba la hewa, kwa hiyo haizuii kupaliwa kama inavyozuia tyubu, mrija unaoingia ndani ya bomba hilo. Aliye na tumbo lililojaa awekewe tyubu.

Daktari Mwingereza Archie Brain alianza kuibuni mwaka 1981. Aina hiyo ya kwanza ina njia moja tu, ya pumzi. Shinikizo likizidi kama sentimita 20 za maji, hewa huvuja na nyingine hushuka tumboni. Tumbo likivimba, yaliyomo hupanda. Kizazi cha pili kiliziba pengo hilo: ProSeal, kisha Supreme na i-gel, zina njia ya pili itokayo kwenye ncha hadi nje. Majimaji ya tumboni hupata pa kutokea, na mrija wa kuyanyonya hupita humo. ProSeal huhimili hata karibu sentimita 30. Kwa sababu hiyo, zote zikiwepo, hatuoni haja ya kuchukua ile ya kwanza.

I-gel haina puto la kujazwa hewa, lile linalozunguka ukingo wa kikombe. Kikombe chake ni cha jeli laini. Kwenye zile zenye puto ndiko makosa yanakozaliana. Saizi 4 ya aina ya kwanza imeandikwa mililita 30 za hewa, na wengi huzijaza zote. Hicho ni kikomo; mara nyingi nusu yake inatosha. Pima shinikizo la puto kwa manometa, lisizidi sentimita 60 za maji, na urudie kupima ukitumia naitrasi oksaidi, gesi ya usingizi, kwani gesi hiyo hupenya puto la silikoni na kulivimbisha polepole. Puto gumu hujiinua kutoka mahali pake, huvuja zaidi, na hubana neva: mgonjwa huamka koo likiuma au ulimi umekufa ganzi. Ukisikia mvujo, usikimbilie bomba la sindano kuongeza hewa. Angalia kwanza saizi, ncha iliyojikunja, au usingizi mwepesi uliofanya zoloto lijifunge.

Saizi hufuata uzito, lakini hazilingani: 4 ya aina ya kwanza ni ya kilo 50 hadi 70, 4 ya i-gel ni 50 hadi 90. Soma pakiti.

Kwa zenye njia mbili, paka tone la jeli kwenye tundu la nje la njia ya pili. Likitoa mapovu kila unaposukuma pumzi, ncha haijakaa kwenye umio: itoe, uiweke upya. Likitulia, bonyeza taratibu kishimo kilicho juu ya mfupa wa kifua. Jeli ikicheza, ncha imekaa.