Je, wajua kwamba kompyuta haijaribu mipangilio yote ya malkia wanane?

Mwaka 1848 Max Bezzel, mpenzi wa sataranji kutoka Ujerumani, aliuliza swali katika jarida la mchezo huo lililochapishwa Berlin: malkia wanane wawekwe vipi kwenye ubao wa miraba 64 ili pasiwepo hata mmoja anayemshambulia mwenzake? Malkia hushambulia katika safu mlalo, safu wima na mishazari, kwa hiyo kila safu mlalo lazima iwe na malkia mmoja tu. Kufikia mwaka 1850 Franz Nauck alikuwa amechapisha majibu yote 92, mwaka uleule ambao mwanahisabati Carl Friedrich Gauss aliandikiana barua kuhusu swali hilo. Siku hizi programu fupi ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, huyatoa majibu hayo chini ya sekunde moja.

Wengi huieleza kasi hiyo kwa kusema kwamba kompyuta hujaribu kila mpangilio na kwamba mbio zake ndizo zinazoiokoa. Maelezo hayo si sahihi, na hesabu yenyewe inaonyesha hivyo. Kuchagua miraba 8 kati ya 64 bila sharti lolote kuna njia 4,426,165,368. Ukishakubali kwamba kila safu mlalo ina malkia mmoja, zinabaki njia 16,777,216. Programu tunayoizungumzia huuliza kama mraba fulani ni salama mara 15,720 tu katika kazi nzima, na jibu la kwanza hulipata baada ya kuuliza mara 876. Sehemu kubwa mno ya mipangilio ile haiundwi kamwe.

Wapo pia wanaodhani kwamba siri imo katika funksheni (kipande cha programu chenye jina lake) inayojiita yenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu ya programu inayomshangaza mwanafunzi. Tuitazame:

```
def salama(malkia, safu):
    mstari = len(malkia)
    for m, s in enumerate(malkia):
        if s == safu or abs(s - safu) == mstari - m:
            return False
    return True

def panga(malkia):
    if len(malkia) == 8:
        print(malkia)
        return
    for safu in range(8):
        if salama(malkia, safu):
            malkia.append(safu)
            panga(malkia)
            malkia.pop()

panga([])
```

Orodha ya `malkia` inahifadhi namba ya safu wima ya kila malkia aliyekwisha kuwekwa, kuanzia safu mlalo ya juu. Ukiliondoa sharti la `salama` mahali lilipo na kuuliza swali hilo mwishoni tu, baada ya malkia wote wanane kuwekwa, funksheni itaendelea kujiita vilevile, lakini italazimika kuijenga mipangilio yote 16,777,216. Vilevile unaweza kuachana na funksheni inayojiita, ukatumia kitanzi cha `while`, yaani amri ya kurudia hatua, pamoja na orodha ya kukumbuka ulipofika, na idadi ya maswali isibadilike hata kwa moja. Kujiita kwa funksheni ni njia nadhifu ya kukumbuka hatua zilizopita. Kazi inapunguzwa na mahali lilipowekwa sharti.

Fikiria kufuli ya namba yenye magurudumu manane, kila gurudumu likiwa na namba 1 hadi 8. Kufuli inayonyamaza mpaka magurudumu yote yawe sawa itakudai majaribio mengi kufikia 16,777,216, ilhali ile inayolia kila gurudumu moja linapofika mahali pake haiwezi kukudai zaidi ya 64. Ubao wa sataranji uko katikati ya kufuli hizi mbili, na hapo ndipo utamu wa jambo hili ulipo. Ubao hukuambia mara moja kwamba umekosea, lakini haukuambii kamwe kwamba umepatia. Katika safu mlalo mbili za kwanza kuna jozi 64 za nafasi, na 22 kati yake zina malkia wanaoshambuliana. Kila jozi inayokataliwa huondoka na mipangilio 262,144 ambayo ingejengwa juu yake, kwa hiyo kufikia malkia wa pili zaidi ya theluthi moja ya kazi yote imekwisha kutupwa. Kwa upande mwingine, mipangilio 568 ya malkia watano haina kosa lolote linaloonekana, ila mipangilio salama ya malkia sita ni 550, ya saba 312, na ya wanane 92. Nyingi kati ya zile 568 zilikuwa njia zilizoziba, na hapakuwa na dalili.

Kwa sababu hiyo programu lazima ijue kurudi nyuma. Katika ubao mdogo wa 4 kwa 4, malkia wa kwanza akiwekwa safu ya 1 na wa pili safu ya 3, wa tatu hana pa kukaa. Programu inamwondoa wa pili peke yake na kumpeleka safu ya 4; wa tatu sasa anakaa safu ya 2, lakini wa nne anakosa nafasi. Baada ya kumaliza njia hizo ndipo wa kwanza anapohamishiwa safu ya 2, na wengine wanajipanga katika 4, 1 na 3. Kurudi nyuma si kuanza upya: kinachofutwa ni uamuzi wa mwisho ambao bado una mbadala, na mstari wa `malkia.pop()` ndio unaoufuta. Mstari huo ukisahauliwa, malkia wa njia iliyoziba wanabaki ubaoni na matokeo yote yanaharibika.

Kuna mtego mwingine wa Python unaofanana na huo. Mtu akibadilisha `print(malkia)` kuwa `majibu.append(malkia)`, mwishoni atakuta orodha 92 zisizo na kitu ndani, kwa sababu kilichohifadhiwa mara zote ni orodha ileile moja ambayo `pop` imeimaliza. Inahitajika nakala: `majibu.append(malkia[:])`.

Mbinu hii haiahidi kasi katika kila tatizo. Masharti yakiwa machache, au yakijidhihirisha kwa kuchelewa, njia zisizofaa hazikatwi mapema na kazi hukua kwa kasi ya kutisha. Mfuatano wa maamuzi nao una uzito: katika Sudoku, fumbo la kujaza namba kwenye visanduku, kuanza na kisanduku chenye namba chache zinazowezekana kwa kawaida hufupisha kazi kuliko kufuata visanduku kwa zamu. Kwa malkia wenyewe, kupata jibu moja la ubao mkubwa hakuhitaji utafutaji, kwani kuna kanuni za moja kwa moja za kuwapanga. Kuhesabu majibu yote ndiko kugumu. Idadi ya ubao wa 27 kwa 27, yaani 234,907,967,154,122,528, ilipatikana mwaka 2016 kwa mradi wa chuo kikuu cha Dresden, Ujerumani, uliotumia saketi zilizosanifiwa kwa kazi hiyo pekee.