Upelelezi wa mdukuzi ndani ya mtandao wa kampuni: ni nini, na hunaswaje?

Mtu akipiga hodi, akaitikiwa "karibu", kisha asiingie bali aende kupiga hodi mlango wa pili, na wa tatu, na wa nne, mtaa mzima utamtolea macho. Hajaiba kitu. Hata kizingiti hajakivuka. Lakini kila mtu ameshajua kwamba huyo hamtafuti mwenyeji, anahesabu nyumba zenye watu.

Upelelezi wa mdukuzi ndio huo. Ni hatua ya kukusanya habari: kompyuta zipi ziko hewani, zinaendesha programu gani, nani ana mamlaka ya msimamizi, seva ya fedha imekaa wapi. Kuunasa ni kuzitambua alama za utafutaji huo kabla haujazaa wizi.

Mfano wa hodi si wa kupamba maneno. Kompyuta mbili zikitaka kuzungumza kwa TCP, utaratibu wa mawasiliano ya mtandaoni, ya kwanza hutuma pakiti (kifurushi kidogo cha data) iitwayo SYN, ya pili huitikia kwa SYN-ACK, ya kwanza humalizia na ACK, ndipo mazungumzo yaanze. Programu ya kuchunguza poti, yaani milango yenye namba ya kuingilia huduma za kompyuta, kama Nmap, iliyotoka mwaka 1997, inaweza kuishia katikati: ikishaitikiwa tu, inajua mlango una mtu, inakata. Kompyuta moja ina poti 65,535 za TCP, lakini mpelelezi mjuzi hagongi zote. Anataka 445, ya kushirikiana mafaili ya Windows. 3389, ya kuingia kompyuta ukiwa mbali. 1433, ya hifadhidata ya SQL Server.

Hapa ndipo wengi hupotea. Hodi zinazotoka nje, kwenye intaneti, zina uzito mdogo mno. Anwani yoyote ya hadharani hugongwa usiku na mchana na roboti, watafiti, na mitambo ya kutafuta vifaa kama Shodan. Meneja anayeletewa ripoti ya maelfu ya "mashambulizi yaliyozuiwa" anahesabiwa matone ya mvua juu ya bati. Na upo upelelezi ambao hautagusa mtandao wako kabisa: tangazo lako la kazi linalotaka fundi wa fayawoli (ukuta wa kuchuja mawasiliano ya mtandao) ya aina fulani limeshamwambia mdukuzi una fayawoli gani.

Hodi ya kukunyima usingizi ni ile inayopigwa kutoka chumba cha ndani. Tuseme ni saa 4:42 usiku. Kompyuta ya karani wa mapokezi, anwani 10.20.4.57, inagonga poti 445 ya 10.20.8.1. Sekunde mbili baadaye inagonga 10.20.8.2, kisha 8.3, kisha 8.4. Nyingi haziitikii, kwa sababu hakuna kompyuta huko. Alama yenyewe ni hiyo: wingi wa milango isiyojibu. Kompyuta ya kazi inajua inakokwenda. Asubuhi huenda kwenye seva ya mafaili, kwenye printa, kwenye barua pepe, basi. Haizunguki ikipapasa kuta.

Kisha kwenye kompyuta hiyohiyo zinaandikwa amri tatu: whoami, nltest /domain_trusts, na net group "Domain Admins" /domain. Moja moja hazina ubaya. Fundi wa TEHAMA huziandika kila wiki. Lakini zote tatu ndani ya dakika mbili, kwa akaunti ya karani? Ya kwanza inauliza "mimi ni nani?", ya pili mtandao huu unaaminiana na mitandao gani, ya tatu nani ni wasimamizi wake wakuu. Karani hana sababu ya kuuliza hayo. Huyo ni mtu aliyezinduka katika nyumba asiyoijua. Ila uangalie: Windows haihifadhi maneno ya amri hizo mpaka uwashe ukaguzi wake mwenyewe. Kampuni nyingi hugundua hilo siku zinapozihitaji logi, yaani kumbukumbu za matukio.

Mjanja hakimbii. Ukiweka kengele ilie pale kompyuta moja inapogonga anwani 20 kwa dakika, yeye atagonga moja kwa nusu saa. Ndiyo maana inafaa zaidi kuhesabu ni anwani ngapi mpya kila kompyuta imezifikia kwa wiki nzima, ulinganishe na desturi yake.

Wadukuzi kusubiri wanajua. Mwanzoni mwa 2015, wafanyakazi wa Benki Kuu ya Bangladesh walipokea barua pepe za mwomba kazi, zenye kiungo cha kupakua wasifu wake. Maagizo ya fedha yalitoka Februari 4, 2016, Alhamisi usiku, Ijumaa na Jumamosi zikiwa mapumziko Dhaka, na Jumatatu ikiwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina huko Manila, zilikopelekwa fedha. Wezi walijaribu kuchota dola milioni 951. Milioni 81 zikapita Ufilipino. Kati ya barua pepe na wizi ulipita takriban mwaka, na humo ndani walijipenyeza hadi kompyuta zilizounganishwa na SWIFT, mfumo ambao benki hutumiana maagizo ya malipo. Polisi wa Bangladesh walieleza baadaye kwamba benki haikuwa na fayawoli, na ilitumia swichi (vifaa vya kuunganisha kompyuta kwenye mtandao) za mitumba za dola 10. Swichi ya bei hiyo hupitisha pakiti tu. Haigawi mtandao vyumba, wala haiandiki nani alimgongea nani.

Kengele za uongo zipo, tena nyingi. Ya kwanza niliyoikimbilia mimi, viatu mkononi, ilikuwa programu ya kuhesabu wino wa printa. Kwa hiyo orodha ya vifaa vyako, na ni kipi kina ruhusa ya kuzunguka, ndiyo kazi ya kwanza, ingawa haina raha.

Njia ninayoipenda zaidi ni chambo. Unafungua akaunti yenye jina la kuvutia isiyotumiwa na mtu, au unaacha anwani isiyo na kompyuta ya kazi, ukisikiliza nani ataigonga. Hakuna mwenye kazi huko, hivyo anayegusa anastahili kuulizwa.

Mbinu hii si ngeni. Mwaka 1986, Clifford Stoll wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, alitumwa kutafuta senti 75 zilizopungua kwenye hesabu za matumizi ya kompyuta, akamkuta mgeni ndani. Mgeni aliunganishwa kwa laini ya simu, na kuifuatilia hadi Hannover, Ujerumani Magharibi, kulihitaji abaki hewani muda mrefu. Ili kumchelewesha, Stoll alitunga mafaili marefu ya mradi wa kijeshi, na humo akaweka anwani ya posta kwa anayetaka nyaraka zaidi. Baadaye ikaja barua kutoka Pittsburgh, ikiomba nyaraka za mradi ambao haukuwahi kuwapo.